Richard Feynman: Bingwa wa mihadhara aliyesema mihadhara haitoshi

Profesa Richard Feynman alipofariki dunia Februari 15, 1988 mjini Los Angeles, Marekani, akiwa na umri wa miaka 69, alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanaojulikana zaidi duniani. Alikuwa ameshinda tuzo ya Nobel ya fizikia, na vitabu vilivyotokana na mihadhara yake vilikuwa vikisomwa na wanafunzi katika nchi nyingi.

Wapo wanaomkumbuka kwa sababu alishiriki kutengeneza bomu la atomiki, na wapo wanaomkumbuka kwa ngoma za bongo alizopenda kupiga. Makala hii inamwangalia zaidi kama mwalimu.

Feynman aliwahi kukabidhiwa darasa la wanachuo wapatao 180 ndani ya ukumbi mmoja. Aliwafundisha kwa ustadi ambao hadi leo unasifiwa. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka miwili aliandika waziwazi kwamba, kwa wengi wa wanafunzi wale, haamini kuwa kazi ile ilifanikiwa.

Mtu anaweza kujiuliza, ikiwa fundi wa kusema kama yule alikiri kwamba kusema peke yake hakukutosha, hali ikoje katika kumbi ambamo mhadhiri anasoma tu kutoka kwenye karatasi, na wanafunzi mia tatu wanaandika? Ili kulielewa jibu lake inabidi kuyafuata maisha yake tangu utotoni, kwa sababu jambo hilo hilo lilimjia mara kadhaa katika sehemu tofauti za dunia.

Baba, ndege na redio mbovu

Feynman alizaliwa Mei 11, 1918 jijini New York, akakulia Far Rockaway, sehemu ya pwani katika eneo la Queens. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Melville, alizaliwa Minsk, ambayo leo ni mji mkuu wa Belarus, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Aliishi kwa biashara ya sare za kazi na hakupata nafasi ya kuwa mwanasayansi, ingawa aliipenda sana sayansi.

Mzee huyu alikuwa na namna yake ya kumfundisha mwanawe. Walipokwenda kutembea msituni, alimwonyesha ndege na kumtajia jina lake kwa lugha kadhaa. Kisha alimwambia kwamba hata akiyajua majina yote hayo bado hajajua lolote juu ya ndege mwenyewe, bali amejua tu jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyomwita. Kazi ya maana ni kumtazama ndege anafanya nini.

Siku moja alimwuliza kwa nini ndege wanajidonoa manyoya kila mara. Mtoto alikisia kwamba labda manyoya yanavurugika wakati wa kuruka, kwa hiyo wanayanyoosha. Baba hakumwambia kama amepata au amekosa. Alimtaka aangalie kama ndege waliotua sasa hivi wanajidonoa zaidi kuliko waliokuwa chini muda mrefu. Walipotazama waliona hakuna tofauti, na kwa hiyo jibu la mtoto likaanguka lenyewe. Ndipo baba akamweleza habari za chawa wanaowasumbua ndege.

Hapo mtoto alikisia kwanza, akapewa njia ya kulipima kisio lake, akapima kwa macho yake, na maelezo ya mkubwa yakaja mwisho, wakati yeye mwenyewe ana hamu ya kuyasikia. Ni utaratibu mdogo, lakini Feynman aliusimulia hadi uzeeni.

Alipofikia umri wa miaka kumi na kitu, Marekani ilikuwa imeingia katika mdodoro mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Watu hawakuwa na fedha za mafundi, wakamwita kijana huyu kutengeneza redio zao. Hivyo alijifunza umeme kwa kubomoa, kukosea na kujaribu tena, kabla hajaketi darasani kufundishwa umeme.

Los Alamos: vijana walioambiwa wanafanya nini

Feynman alipata shahada ya kwanza mwaka 1939 katika chuo cha MIT, kisha shahada ya udaktari mwaka 1942 katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka huo huo wa 1942 alimwoa Arline Greenbaum, mpenzi wake wa tangu ujana, ingawa alijua kwamba mchumba wake huyo anaugua kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa ya uhakika.

Vita kuu ya pili ya dunia ilikuwa imepamba moto. Mwaka 1943 alipelekwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, kulikokuwa na mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki. Arline alilazwa hospitalini Albuquerque, na mumewe alikuwa akienda kumwona mwishoni mwa wiki, mara nyingine kwa kuomba lifti njiani. Alifariki Juni 16, 1945, mwezi mmoja kamili kabla ya bomu la kwanza kujaribiwa jangwani Julai 16.

Katika mradi ule Feynman alipewa kusimamia kikundi cha hesabu kilichotumia mashine za kampuni ya IBM. Jeshi lilikuwa limekusanya vijana kutoka sehemu mbalimbali za nchi, waliomaliza sekondari na wenye kipaji cha ufundi. Waliwekwa katika mabweni na kuletewa kadi zenye matundu wazipitishe kwenye mashine. Kwa sababu za usiri, hakuna aliyewaambia tarakimu zile ni za nini. Kazi ikaenda polepole, wakimaliza matatizo matatu kwa miezi tisa.

Feynman alidai vijana wale waelezwe. Mkuu wa mradi, Robert Oppenheimer, aliwasiliana na idara ya usalama, ruhusa ikapatikana, naye Feynman akawapa mhadhara mmoja juu ya kile wanachokifanya na sababu yake.

Baada ya hapo walianza kubuni wenyewe njia bora za kufanya kazi. Walifanya kazi hadi usiku bila kusimamiwa, na wakamaliza matatizo tisa kwa miezi mitatu. Watu walikuwa wale wale na mashine zile zile.

Wengine wataona ajabu kwamba mfano mzuri wa elimu unatoka mahali palipotengenezwa silaha iliyoua maelfu ya watu Hiroshima na Nagasaki. Feynman mwenyewe alitoka katika vita akiwa amevunjika moyo, amefiwa na mke, na haukupita muda akafiwa na baba yake pia, mwaka 1946.

Alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell. Alipoitwa kwenda kwenye taasisi mashuhuri ya utafiti huko Princeton, ambako wasomi wakubwa hawakulazimika kufundisha, alikataa kukaa mahali pasipo na wanafunzi. Aliamini kwamba maswali ya wanafunzi ndiyo humrudisha mwalimu kwenye mambo ya msingi anayodhani ameyamaliza.

Brazil: wanafunzi waliojua kila kitu

Mwaka 1950 alihamia Taasisi ya Teknolojia ya California, maarufu kama Caltech, iliyoko Pasadena. Mwaka 1951 na 1952 alikaa miezi kadhaa Rio de Janeiro, Brazil, katika kituo cha utafiti wa fizikia. Alijifunza Kireno ili afundishe kwa lugha ya wenyeji, na jioni alipiga vyombo katika kikundi cha samba.

Wanafunzi wake huko walikuwa vijana waliosomea kuwa walimu. Ndipo alipokutana na jambo lililomshangaza kuliko mengine yote.

Aliuliza swali juu ya mwanga unaopita katika karatasi maalum za plastiki, zile zinazopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, nao wakajibu mara moja. Aliuliza swali lile lile kwa maneno mengine na hakuna aliyeweza kujibu. Aliwataja pembe ambayo mwanga ukigonga maji huakisiwa ukiwa wa namna hiyo, wakampa kanuni yake bila kusita. Lakini alipowauliza wanaweza kuuona wapi mwanga wa aina hiyo, walinyamaza, na huku dirishani bahari ya Rio ilikuwa inameremeta mbele yao. Alipowapa karatasi ile watazame bahari huku wakiizungusha, walishangaa kuona kumbe kile walichokikariri kipo kweli.

Walikuwa na maneno yote, kama mtoto anayejua jina la ndege kwa lugha nyingi.

Jambo la pili lililomsumbua ni ukimya. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza swali darasani. Alipodadisi, mmoja alimweleza kwamba anayeuliza hulaumiwa na wenzake baadaye kuwa anawapotezea muda wakati wao wanataka kuandika. Kila mmoja alijifanya anaelewa, na aliyekuwa haelewi alidhani yuko peke yake. Hata kujadiliana na wenzao walikuona ni aibu. Feynman alishindwa kuivunja desturi ile.

Mwisho wa mwaka wa masomo alialikwa kutoa hotuba juu ya aliyoyaona, mbele ya wanafunzi, maprofesa na maofisa wa elimu. Bila kupindisha alisema kwamba sayansi haifundishwi Brazil. Alichukua kitabu cha fizikia cha mwaka wa kwanza, kilichosifiwa sana nchini humo, akakifungua ukurasa wowote na kusoma. Alikuta maelezo ya mwanga unaotoka pale fuwele za vitu fulani zinapovunjwa. Alisema hayo ni maneno yanayoeleza maneno mengine. Kama kitabu kingemwambia mwanafunzi achukue bonge la sukari, aingie gizani na kulivunja kwa koleo, angeona mwanga wa buluu, na kwa mara ya kwanza angekuwa amekutana na kitu chenyewe.

Ukumbini alikuwa ametaja pia kwamba wapo wanafunzi wawili waliofanya vizuri. Baada ya hotuba ilibainika kwamba wote wawili hawakuwa wamesomea katika mfumo ule, bali walikuwa wamefika Brazil karibuni. Naye profesa mmoja aliyesifiwa alisimama akaeleza kuwa yeye alisoma hapo hapo Brazil, lakini wakati wa vita walimu waliondoka chuoni, kwa hiyo alijifunza kwa kusoma mwenyewe.

Msomaji asidhani kwamba hilo lilikuwa tatizo la Brazil peke yake. Yeyote aliyewahi kukesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani, akafaulu, na wiki mbili baadaye asikumbuke chochote, anaijua hali hiyo.

Wanafunzi 180 na ubao mmoja

Kufika mwaka 1960, Caltech ilikuwa na tatizo la aina nyingine. Vijana waliingia hapo wakiwa wamevutiwa na habari za atomu, nyota na nadharia za Einstein, kisha wakasomeshwa miaka miwili mambo ya zamani ya kapi na miteremko hadi hamu ikaisha. Iliamuliwa somo la fizikia la miaka miwili ya mwanzo liandaliwe upya, na Feynman akaombwa kulifundisha.

Mihadhara ilianza Septemba 1961 na kumalizika Mei 1963. Wanafunzi wapatao 180 walikusanyika katika ukumbi mkubwa mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo waligawanyika katika vikundi vya watu 15 hadi 20 chini ya wasaidizi, na mara moja kwa wiki waliingia maabara. Kila mhadhara ulirekodiwa na ubao kupigwa picha.

Feynman alijiandaa kuliko kawaida yake. Kila mhadhara aliupanga kama mchezo wa kuigiza wenye mwanzo, kati na mwisho. Aliingia na karatasi moja yenye maneno machache, akatembea, akatania na kuchora, na saa ilipokwisha ubao ulikuwa umejaa kwa mpangilio. Wenzake wawili, Robert Leighton na Matthew Sands, waliongoza kazi ya kuigeuza mihadhara hiyo kuwa vitabu vitatu vilivyotoka kati ya mwaka 1963 na 1965. Zaidi ya nakala milioni moja za Kiingereza zimeuzwa, na tangu mwaka 2013 Caltech imeanza kuviweka kwenye intaneti bila malipo.

Lakini katika dibaji ya vitabu hivyo, aliyoiandika mwaka 1963, Feynman hakujisifu. Aliandika kwamba akitazama jinsi wengi wa wanafunzi walivyoyajibu maswali ya mitihani, anaona mpango ule haukufaulu. Alikiri kwamba walikuwapo dazeni moja au mbili walioelewa karibu kila kitu na kufurahia. Hao, kwa kawaida, ni wale ambao wangejifunza hata kwa njia nyingine.

Alitaja kasoro kubwa moja. Hakukuwa na njia ya habari kurudi kutoka kwa wanafunzi kwenda kwa mhadhiri. Alizungumza saa nzima mbele ya watu 180 bila kujua ni wapi wamepotea. Vikundi vidogo vilikuwapo, lakini yeye hakuwamo ndani yake, na yaliyojitokeza huko hayakumfikia kwa wakati wa kubadili mhadhara unaofuata.

Mawazo yake ya mwisho yalikuwa haya: ufundishaji bora hutokea pale mwanafunzi na mwalimu mzuri wanapokutana moja kwa moja, mwanafunzi akajadili mawazo, akayafikiria na kuyasema kwa kinywa chake. Kwa kukaa tu na kusikiliza, au hata kwa kufanya tu mazoezi aliyopangiwa, mtu hajifunzi mengi. Lakini alijua pia kwamba wanafunzi ni wengi mno kwa kila mmoja kupata mwalimu wake. Ni lazima ipatikane njia mbadala, na alitumaini kwamba vitabu vyake vingesaidia kidogo.

Kwa maneno mengine, alilitaja tatizo sawasawa na kuliacha mikononi mwa wengine.

Saa moja bila mtihani

Mwaka 1965 Feynman alipata tuzo ya Nobel pamoja na Julian Schwinger wa Marekani na Sin-Itiro Tomonaga wa Japani, kwa nadharia inayoeleza jinsi mwanga na chembe zenye umeme zinavyoathiriana. Vimichoro alivyovibuni kurahisisha hesabu hizo vinatumika hadi leo. Mwaka 1972 chama cha walimu wa fizikia wa Marekani kilimpa nishani ya Oersted kwa ualimu wake.

Hakuwa malaika. Namna alivyosimulia habari za wanawake katika vitabu vyake vya kumbukumbu imelaumiwa sana, na lawama hizo zina msingi. Mwaka 1960 alimwoa Gweneth Howarth, Mwingereza, wakalea mtoto wa kiume na wa kike.

Caltech aliendesha kwa miaka mingi kipindi kisichokuwa rasmi, kilichojulikana kama Physics X. Mara moja kwa wiki wanafunzi wa miaka ya mwanzo walikuja na swali lolote la sayansi, hata kama lilionekana la kitoto, naye akalifikiria mbele yao ubaoni. Hakukuwa na maksi wala mtihani. Mwendo wa somo uliamuliwa na swali la mwanafunzi, jambo lililokosekana katika ule ukumbi wa watu 180.

Somo lake la mwisho mbele ya umma lilikuja mwaka 1986. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka Januari 28 muda mfupi baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Feynman, aliyekuwa tayari anaugua saratani, aliwekwa katika tume ya uchunguzi. Februari 11, mbele ya kamera za televisheni, alibana kipande cha mpira wa aina iliyotumika kuziba maungio ya roketi, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu, kisha akakiachia. Mpira haukurudi haraka katika umbo lake. Asubuhi ya ajali kulikuwa na baridi kali. Watu ambao wasingeweza kusoma ripoti ya kurasa mamia walikiona chanzo kwa macho yao, kama wale vijana wa Rio walivyoiona bahari.

Miaka miwili baadaye alifariki. Kwenye ubao wa ofisi yake yalikutwa maneno yenye maana kwamba kile asichoweza kukijenga mwenyewe, hakielewi.

Jibu lililokuja baada yake

Miaka michache tu baada ya kifo chake, profesa mwingine wa fizikia, Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikumbwa na mambo yale yale. Wanafunzi walimpa alama nzuri kama mhadhiri na walifanya vizuri katika hesabu ngumu. Kisha akasoma kuhusu jaribio la maswali rahisi yasiyo na hesabu. Moja la aina hiyo ni hili: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Nguvu ni sawa, kama Newton alivyoeleza, lakini wanafunzi wengi wanaoweza kuitaja kanuni ile hujibu kwamba ni lori. Mazur aliwapa wake jaribio hilo, na matokeo yakamfadhaisha.

Kuanzia mwaka 1991 alibadili darasa lake. Baada ya maelezo ya dakika chache, anaweka swali lenye majibu kadhaa ya kuchagua. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake na kutoa jibu. Kisha anamgeukia jirani aliyechagua jibu tofauti, wanabishana kwa dakika mbili tatu, na wote wanajibu tena. Mwalimu anatazama majibu yalivyokaa. Wakiwa wengi wamepata, anasonga mbele. Wakiwa wengi wamekosa, anaeleza upya.

Mbinu hii inafaa ukumbi mkubwa kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kuzungumza na watu 300, lakini watu 300 wanaweza kuzungumza wawili wawili kwa wakati mmoja. Aliyeelewa dakika tano zilizopita bado anakumbuka kilichokuwa kinamkwaza, kwa hiyo mara nyingi anamwelewesha mwenzake haraka kuliko profesa. Na ile njia ya habari kurudi kwa mwalimu, ambayo Feynman aliikosa, inapatikana papo hapo.

Je, inafanya kazi kweli? Mwaka 2014 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8 kwa wastani, na katika yale yanayowashughulisha wanafunzi walikuwa asilimia 21.8. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika madarasa yasiyozidi watu 50, lakini ilionekana katika madarasa ya ukubwa wote.

Utafiti mwingine wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, unaeleza kwa nini mhadhara mtamu hudanganya. Wanafunzi waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri walihisi wamejifunza zaidi, lakini kwenye jaribio waliwazidi ni wale waliohangaika na maswali darasani, ingawa hao walihisi wamejifunza kidogo. Msemaji hodari anapofafanua, kila kitu huonekana rahisi, na msikilizaji huuchukua wepesi wa msemaji akadhani ni wake.

Kwa vyuo vya nyumbani

Wasomaji wengi wa ukurasa huu, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, wamepitia kumbi ambamo waliochelewa husimama mlangoni na waliokaa nyuma hawaoni ubao. Mara nyingi tunaambiwa kwamba kushirikisha wanafunzi ni anasa ya vyuo tajiri vyenye madarasa madogo na vifaa vya umeme.

Kwa kweli vifaa si lazima. Wapo walimu wanaotumia virimoti au simu kukusanya majibu, lakini vipande vinne vya karatasi vyenye herufi A, B, C na D, vinavyoinuliwa kwa pamoja, vinatosha kumwonyesha mwalimu ukumbi unafikiri nini. Umeme ukikatika kazi inaendelea.

Kilicho kigumu ni mambo mawili. La kwanza ni swali lenyewe. Likiwa rahisi mno wote wanapata, likiwa gumu mno hakuna wa kumwelewesha mwenzake. Linalofaa ni lile linaloligawa darasa, na kulitunga kunataka muda wa maandalizi. La pili ni desturi ile ya Brazil ya kumwona anayeuliza kuwa msumbufu. Desturi hiyo haivunjwi kwa mwalimu kuuliza mwishoni kama kuna swali na kisha kufunga daftari lake. Inavunjika pale kila mtu anapotakiwa kutoa jibu, na kukosa kunakuwa sehemu ya somo.

Aidha mtihani nao lazima ubadilike. Mwanafunzi akijua kwamba mwisho wa muhula ataulizwa maana ya maneno kama yalivyo kwenye desa, atakariri desa, na atakuwa na haki kufanya hivyo.

Mihadhara ya Feynman ingali ikisomwa, na anayetaka kuifahamu fizikia atafaidika kuifungua. Akiifungua, asiiruke dibaji yake.